Ng'ombe Asiye na Nundu

Nilihamishiwa zahanati ya Matongo, kwenye ng'ombe na mgodi, nikitokea Masasi, kwenye mikorosho na kuku. Ng'ombe nilimjua kwa mchuzi tu. Jioni nilijiburudisha kwa kusokota maputo, yale marefu membamba, nikifuata video za kwenye simu. Niliyemweza hasa ni mbwa. Twiga wangu alikuwa mbwa mwenye shingo, na simba alikuwa mbwa aliyevimba kichwa.

Kwa utaalamu huo kanisa likanikabidhi Shule ya Jumapili. Watoto wakajaa. Zaidi ya nusu walikuwa wajukuu wa mzee mmoja mwenye mji mkubwa, boma lenye nyumba nyingi, ambaye yeye mwenyewe kanisani hakuwahi kukanyaga.

Jumapili moja nikafundisha habari za mwana mpotevu, nikasokota na ndama aliyenona: mbwa mwenye pembe. Wajukuu wakaenda naye nyumbani. Kesho yake mzee akatokea zahanati na mwenzake, ndama kwapani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nesi, hii ndiyo ng'ombe unafundisha wajukuu zangu?"

"Ndiyo, baba."

"Nundu iko wapi?"

Wakamweka juu ya meza ya sindano, wakamkagua kama wanavyokagua ng'ombe wa mahari. Mwenzake akainama kuchungulia chini ya mkia.

"Mura, hata kiwele haina," akasema. "Hii itabweka."

"Mtu hajui ng'ombe, atafundisha watoto nini?" mzee akasema. "Hawaji tena, mpaka ulete ng'ombe ya kupokeleka."

Niliwaka. Mikono hii imewazalisha wakamwana wake, leo inakataliwa kwa ajili ya nundu! Lakini pia niliogopa. Bila wale watoto ningebaki na wa mchungaji peke yao, na wao hadithi zote wanazijua mpaka wananisahihisha.

Wiki nzima kila nikitoka kazini nilisimama kwenye zizi la jirani nikitazama ng'ombe, mpaka ng'ombe wenyewe wakaanza kunishuku. Nyumbani maputo yalipasuka mfululizo. Matongo wamezoea baruti za mgodi, hakuna aliyegeuka.

Jumamosi nikampeleka ng'ombe wangu mpya: nundu, kiwele, chuchu zote. Wazee wakamzungusha. Mzee akaminya nundu.

"Imepokelewa," akasema, akaenda kumfunga zizini kwa kamba, pamoja na wenzake.

Asubuhi ya Jumapili nikamwona anakuja kanisani, kavaa koti, wajukuu wote nyuma yake. Mkononi alishika kipande cha mpira kilichosinyaa. Nikamkimbilia.

"Baba, nisamehe. Nitakusokotea mwingine."

"Ya nini? Imefia kwangu, ilikuwa imeshapokelewa. Nikishapokea ng'ombe ya watu, sisi ni wakwe. Nitawanyima watoto namna gani?"

Nilitaka kulia, nikacheka. Yeye akaenda kukaa benchi la mbele. Mchungaji alipoinuka kutukaribisha, mzee naye akainuka.

"Hizo ng'ombe zilizobaki," akauliza, "mnaleta lini?"