Miaka Miwili ya Nathanaeli

Sekondari yetu iko njia ya Hombolo, na kwa miaka kumi na minne hesabu zake zimefundishwa na mwalimu wa kujitolea. Kujitolea! Neno tamu kwa anayelipwa, kama mimi wa Kiswahili. Nathanaeli alikuwa akingoja ajira ya serikali, basi. Kila tangazo aliomba, kila orodha ilitoka bila jina lake.

Mwaka huu walitaka umri usiozidi miaka arobaini na mitano. Vyeti vyake vinasema arobaini na sita. Ni uongo, na chanzo ni mkono wake mwenyewe. Kijijini kwao watoto hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa. Wakati wa kuandikishwa darasa la kwanza, mtoto aliambiwa apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Akilifikia, ana miaka saba. Nathanaeli alikuwa na mitano, ila mikono mirefu. Akalishika. Nyumbani wakashangilia, na kosa likahama cheti hadi cheti.

Alimpeleka mama yake, Ruthu, ofisi ya ajira mjini akathibitishe umri wake. Karani alisikiliza kwa adabu, akasema mfumo unasoma vyeti.

"Kwani hivyo vyeti vilikuwepo nilipojifungua?" mama akauliza.

Karani akamwita anayefuata.

Kesho yake nilimsikia Nathanaeli dirishani akifundisha kidato cha pili hesabu za kutolingana, zile ambazo x hubanwa pande mbili. Aliandika 36 ≤ 2x ≤ 90. Wakagawa kwa mbili kote: x isipungue 18, isizidi 45. Akachora mstari wa namba, akatia kivuli katikati.

"Huo ndio umri wa kuajiriwa," akasema.

"Na wewe umo, Mwalimu?" akauliza Emilia, bila ubaya.

Akaweka nukta kwenye 46, nje ya kivuli. Darasa likacheka. Nilitaka kuingia nifoke, nikajizuia, wangejuaje?

Jumatatu aliletwa mwajiriwa mpya, Gladness, ambaye hesabu alifundishwa na Nathanaeli huyo huyo.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema, machozi yakimlenga. "Mkuu amenipa vipindi vyako. Mmeishia wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Kutolingana. Wape zenye hasi. Wakigawa kwa hasi wanasahau kugeuza alama."

Akakaa naye saa nzima, akimweleza kila mwanafunzi anakwama wapi. Saa hiyo nayo alifundisha bure.