Breki za Maji ya Sabuni

(Jina la mwandishi na kijiji chake tumevificha, kama alivyoomba.)

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita. Nimemaliza darasa la sita mwaka huu katika shule ya misheni, na sasa nakaa na mama huku Newala. Shuleni sikuwahi kunyoosha mkono hata nilipolijua jibu. Kuwaandikia watu wote wanaosoma gazeti hili kunanitetemesha, lakini kwa mdomo nimeshindwa.

Kwetu mjomba ndiye mwenye watoto wa dada yake. Mjomba wangu ndiye aliyesema nisome, wakati wengine walisema msichana jembe linamtosha. Alipouza korosho zake alinunua gari dogo la mizigo lililokwisha kutumika, la aina ile ya bei rahisi ambayo watu wa huku wameipa jina Shuka Tusukume. Jina lake la kiwandani sitalitaja. Mwalimu mmoja wa Chiwata alikuwa na la namna hiyo, sasa kuku wanatagia ndani yake. Sifa yake mbaya kubwa ni kiu. Likipanda mlima linachemka, nasi maji tunayafuata chini bondeni, tunatoka alfajiri na kurudi jua likiwa kali. Siku moja mjomba alimwomba maji mama mmoja aliyekuwa anapandisha na mtungi kichwani. Yule mama akamjibu, "Haya nimewabebea watoto, Baba Stefano. Sikulibebea bati." Wenzake walicheka mpaka maji yakawamwagikia usoni.

Mjomba huumia sana akisikia maneno hayo. Husema wenye malori makubwa ndio wanaolitukana gari lake, kwa sababu linawanyang'anya abiria. Mimi tangu nitoke shule hufuatana naye, kazi yangu ni kushika debe la maji.

Mwezi uliopita breki zililegea. Mafuta ya breki hapa hayapatikani, mpaka uagize Lindi. Dereva mmoja alimwambia mjomba kwamba maji ya sabuni nayo yanafaa, basi akanituma nikoroge. Nikakoroga, akamimina, akakanyaga, breki zikashika. Alifurahi kweli. "Umeona? Miaka yote wanatuuzia povu ndani ya kopo!"

Tukapakia makopa ya muhogo, tukateremka kwenda Masasi. Katikati ya mteremko mrefu nilimwona anakanyaga breki, na mguu wake ukazama mpaka chini kama aliyekanyaga uji. Akakanyaga tena na tena. Gari likazidi kukimbia. Aliniambia neno moja tu, "Shika!" Kisha akalielekeza kwenye ukingo wa udongo, likaparuza na kupiga kelele, magunia mawili yakaruka chini, tukasimama. Upande wa pili wa barabara kulikuwa na korongo.

Tulipokwisha kupumzika alikanyaga tena, breki zikashika kama mwanzo. Akasema, "Umeona? Lilichoka tu, limepona." Halafu akasema polepole, "Usimwambie mtu, mwanangu. Gari ni jina. Hili jina lake limekwisha kuwa bovu, likiongezwa neno moja tu, hakuna atakayelipanda."

Safari iliyofuata tulifika Nanganga, tukakutana na mzee mwenye gari la namna ileile. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba. Lake linakwenda Lindi na kurudi, wala halijamlaza njiani. Akamwambia mjomba, "Gari hizi zinasingiziwa, ndugu yangu. Mbele zipe maji, kwenye breki zipe mafuta, basi. Maji kwenye breki yanachemka mteremkoni, na mvuke haushiki kitu. Wewe umetia nini?"

Mjomba alicheka. "Langu lina mafuta mpaka yanamwagika." Hakunitazama.

Niliporudi nilimweleza mama. Alikuwa anatwanga, akasimamisha mchi. "Nani amekufundisha kumvua nguo mjomba wako? Shule?" Nikasema, mama, nilikuwemo ndani ya gari. Akajibu, "Na umerudi mzima. Kaka yangu hawezi kuwaua watu." Akaendelea kutwanga.

Sasa kuna sikukuu ya kanisa Masasi baada ya mavuno, na akina mama wanaoimba wamelikodi gari la mjomba liwateremshe. Mama yangu ni mmoja wao, na baadhi yao wana watoto mgongoni. Mafuta mjomba hajaagiza. Nilipomkumbusha alisema, "Nikiagiza mafuta Lindi, kila mtu atajua breki zangu ni mbovu."

Juzi akina mama hao walikuja nyumbani. Wengine walikuwa na hofu kwa sababu ya sifa za Shuka Tusukume. Mama akawaambia, "Mwulizeni binti yangu, yeye hulipanda kila siku." Wote wakanigeukia. Mama Agnesi, ambaye ana mtoto mchanga, akaniuliza kwa upole, "Eti mwanangu, tupande?"

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni. Nikainamisha kichwa, nikawa nachora chini kwa kidole cha mguu. Nilitaka wangoje kidogo tu, neno litoke. Lakini ninyi mnajua huku kwetu msichana akiulizwa jambo akainama na kunyamaza, inahesabiwa amekubali. Hata posa hujibiwa hivyo. Mama Agnesi akapiga kigelegele, wenzake wakampokea, wakaondoka wakiimba. Mjomba akaniwekea mkono begani, akasema, "Ahsante, mwanangu."

Wasomaji wenzangu, sikukubali. Nilinyamaza tu. Sasa kila nikipita kisimani wanasema, "Tutapanda, maana yeye mwenyewe amesema ni salama." Nikienda kwa padri nitakuwa nimemshitaki aliyenisomesha. Mama amekwisha kukataa kusikia, na mjomba anaamini limepona. Nishaurini kabla ya sikukuu: mtu aliyekwisha kusema ndiyo bila kufungua mdomo, anasemaje hapana?