Nyufa Nilizozipasua Mwenyewe

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu nyufa. Tulikuwa tunachimba kisima cha kutafuta gesi huku kwetu, nje kidogo ya Shelui, na mtambo ulitoa mwamba wa mchanga uliokatwa mviringo, mrefu kama mchi wa kutwangia. Gesi hupita kwenye nyufa alizoumba Mungu. Mwamba usio na nyufa, hata ukijaa gesi, haukupi kitu.

Sasa, mchi huo ukizidi urefu wa sanduku la kuuhifadhia, unaupiga nyundo. Mpasuko huo ni wako, si wa Mungu, kwa hiyo unautia alama ya msalaba kwa maka peni hapo hapo, usije ukauhesabu. Siku moja maka peni ilikauka. Dukani mbali, jua kali, na mimi nimeshajiona fundi. Nikasema nitakumbuka. Kukumbuka nini, mjinga mimi! Baada ya siku kadhaa tope la kuchimbia lililotoka na mwamba lilikuwa limekauka ndani ya mipasuko yangu, jeupe, kama ule ukoko wa nyufa za zamani. Nikaihesabu yote.

Wakubwa wakafurahi. Kisima cha pili kikapangwa upande zilikoelekea nyufa, na upande huo ni shamba letu, pale alipolala mama. Baba hakutaka. Aliniita uani, akauliza, "Una uhakika, mwanangu?"

"Mawe hayadanganyi, baba," nikajibu.

Akakubali kwa ajili yangu, si yao. Tukamfukua mama, tukamzika upya nyuma ya nyumba. Baba alimbeba mwenyewe, akakataa kupokewa.

Kisima cha pili kikawa kikavu. Wakakiziba kwa saruji, wakahamisha mtambo. Mimi nikaambiwa nipitie masanduku upya. Nikalowesha sponji, nikasugua ufa wa kwanza, na ule weupe ukatoka wote. Nikaunganisha vipande, vikashikana bila hata nafasi ya unywele. Mpasuko mpya kabisa. Wa pili vilevile, na wa tatu. Nilikaa chini kwenye vumbi nikalia, na sioni haya kusema.

Nilipofika nyumbani baba alikuwa anapalilia majani kwenye kaburi jipya.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Pole, mwanangu. Nimesikia wameondoka. Usijilaumu, wewe ulisema ulichokiona. Mawe ndiyo yamekudanganya."

Haki ya Mungu, nilitamani ninyamaze. Alikuwa ameshanisamehe kabla sijaomba, na hakuna mwingine ambaye angejua.

"Hayakudanganya, baba. Ni mimi na nyundo yangu." Nikamweleza yote, mpaka ile maka peni.

Aliangalia upande wa shamba, ambako sasa kuna saruji. Sikujua kama atanipiga au atalia. Kisha akaniwekea jembe mkononi.

"Mimi umeshaniambia," alisema. "Sasa mwambie mama yako."

Akaingia ndani, akaniacha naye.