Nilivyomfuata Tausi wa Mama hadi Kisangani

Niliondoka Kindu kwa sababu ya ubishi wa nyumbani. Wakati wa vita, tulipokimbilia kijiji cha Tunda kwa mjomba wangu Asumani, mama alikwenda porini kuokota kuni akarudi mikono mitupu. Alisema amekutana na ndege mkubwa wa buluu, mwenye manyoya meupe yaliyosimama kichwani kama brashi, akitembea na jike lake. Mjomba alicheka: "Zaina, njo njaa hiyo," yaani njaa ndiyo iliyomwonyesha ndege. Vita vikaisha, mjomba akahamia Kindu, akawa jirani yetu, lakini bado alimcheka. Mama naye hakubadili neno.

Mimi ni mpiga picha wa harusi na pasipoti. Siku moja mteja kutoka Kisangani aliniambia kuwa bustani ya wanyama ya huko inafuga tausi wa Kongo. Alivyomweleza, nilihisi namsikia mama. Nikafunga kamera ndani ya plastiki, nikaaga.

Siku ya kwanza, asubuhi, boti ya mbao ilitupakia bandarini juu ya magunia ya mpunga. Tulipofika Lokandu, wanawake walituletea samaki wa moshi kwa mitumbwi. Mama mmoja aliyekaa karibu nami aliuliza ninafuata nini Kisangani.

"Kupiga ndege picha, mama."

"Ndege? Kindu haiko ndege?"

Boti nzima ilicheka, na tangu hapo jina langu likawa Papa Ndege.

Siku ya nne tulifika Ubundu. Kutoka hapo ni pikipiki na tope. Nilianguka mara mbili, kamera nikiwa nimeikumbatia kama mtoto mchanga.

Kisangani, bustani ya wanyama, saa tatu asubuhi. Watu walijaa mbele ya tausi wa Uhindi aliyetandaza mkia. Mtunza ndege, Papa Bosco, alinivuta pembeni. "Huyo ni mugeni, anapenda picha. Wa kwetu iko kule nyuma, ana haya."

Nilisogeza lenzi hadi ikagusa wavu, ili nyaya zisionekane. Saa tano niliona ncha ya mkia tu. Saa nane Papa Bosco akamwaga mchwa chini, na yule dume akatoka: buluu iliyokolea, kijani mgongoni, shingo nyekundu, na brashi nyeupe kichwani. Nilibonyeza kwa pupa, picha tatu za kwanza zikaharibika. Kisha jike akamfuata, kahawia na kijani. Nikawapata wote wawili pamoja.

"Watu wanapita tu hapa," alisema Papa Bosco. "Wewe umekaa siku muzima. Huyu ni ndugu yako?"

"Ni wa mama yangu," nikamjibu.

Kurudi, tulipanda mto polepole, na sikulalamika. Ijumaa alasiri nilikuwa Kindu, nikachapa picha kubwa, nikampelekea mama. Alivaa miwani. "Njo yeye," alisema. "Na bibi yake." Akaniagiza nimwite mjomba.

Mjomba Asumani aliitazama picha bila kucheka. Alikaa chini kwanza.

"Dada, nilijua ulisema kweli. Kesho yake yule ndege aliingia mutego wangu. Ile nyama niliyowapa nikasema ni kuku..."

"Sasa kwa nini ulinicheka miaka yote?"

"Ulikuwa unamusifu sana. Watoto walikuwa na njaa, na wewe ulikuwa umekonda. Niliogopa ukijua hautakula. Kisha nikashindwa kuacha kukucheka."

Nilikuwa nimesafiri ili watu wamwamini mama. Kumbe yeye hakuwahi kuhitaji picha. Aliyeihitaji ni mjomba, apate pa kuanzia kusema kweli.

Mama alivua miwani, mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, nikamsogelea. Alikuwa anacheka, machozi yakimtoka, na mkono wake umeshika mkono wa kaka yake.

"Asumani," alisema, "alikuwa mutamu."