Kikombe Ambacho Epifania Hakukionja

Jumamosi ya tarehe 7 Juni 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, video ya sekunde thelathini na nane ilipostiwa kwenye ukurasa wa duka moja la mjini Kasulu. Ndani yake yumo Epifania Ndayikeza, mkulima wa Heru Juu mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, akimkaribisha mwenye duka juisi ya ndizi. Nakala zake bado zipo, na anayetaka kuhesabu ahesabu. Sekunde ya ishirini na sita Epifania anachota. Sekunde ya thelathini anamkabidhi mgeni kikombe kwa mikono miwili. Katikati hapo hafanyi jambo alilolifanya maisha yake yote.

Hasogongeri.

Kusogongera ni kuonja. Kwenye vilima vya Kasulu na Kibondo, kama ilivyo ng'ambo ya mpaka kule Burundi, anayempa mtu kinywaji hukionja yeye kwanza, mgeni akiona, ndipo akitoe. Hakuna anayeeleza sababu kwa kuwa hakuna asiyeijua: kama kina baya, limeanza na mimi. Epifania alifundishwa na mama yake katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, ambako jirani wa kushoto alitoka mkoa usioujua na wa kulia alifika jana.

"Hapa hatujuani," mama yake alimwambia. "Kwa hiyo wewe onja sana."

Kambi ilipofungwa mwaka 2012 na watu kurudishwa Burundi, Epifania alikuwa ameshaolewa Heru Juu. Alibaki, na kilichompa nafasi pale kijijini ni mkono wake wa juisi. Ndizi anazivundika shimoni mpaka ziive sawasawa, anazikamua kwa nyasi, na mutobe, ndiyo juisi yenyewe, unatoka mtamu, hauna hata dalili ya uchachu. Walokole hawanywi pombe, kwa hiyo kwa miaka kumi na mitatu karibu kila posa na kila harusi yao ilimhitaji. Kuitwa kukamulia harusi ya mtu ni kuhesabiwa ndugu. Ilifika mahali hakuna aliyekumbuka kumuuliza alitoka wapi.

Mansuri, mwenye duka, alionja juisi hiyo kwenye harusi moja na hakulala vizuri mpaka aliporudi na simu. Anauza masufuria, beseni na vyombo vya plastiki karibu na stendi, na vingi vinauzika kwa video ambazo wateja wake wanajirekodi wenyewe wakipika. "Siku hizi tangazo halifanywi na mwenye duka," anasema. "Tangazo anafanya mteja." Alitaka kujirekodi yeye akiwa mteja wa Epifania.

Mara ya kwanza Epifania alichota, akanywa funda moja, akampa. Mansuri akashusha mkono wenye simu.

"Mama Dorcas, samahani. Hapo umekunywa."

"Nimesogongera."

"Si ndicho kikombe changu hicho?"

"Ndicho. Nikupe kingine nisichokijua?"

Mansuri akacheka. Amezaliwa Kasulu, desturi anaijua. "Mimi nitakunywa, mama, hata ukinibakizia harufu tu. Lakini anayetazama yuko Dar, yuko Tanga. Akiona mdomo wako kwenye kikombe cha mteja ataandika 'uchafu', na wengine watajipanga chini yake."

"Kwani wao watanywea kwenye simu?"

"Watatazama kwenye simu. Kunywa ni baadaye."

Epifania akachota tena, akampa bila kuonja. "Nilidhani kwenye picha hakuna mgeni," anasema sasa. "Nilidhani ni picha tu."

Kufikia Jumatatu video ilikuwa imetazamwa zaidi ya mara laki mbili. Oda zilikuja kutoka Arusha, Mbeya na Dar es Salaam, na hakuna hata moja iliyowezekana, kwa sababu juisi hiyo huanza kuchacha siku ya pili na siku ya tatu imeshaelekea kuwa pombe. Mansuri hakuwa ameuliza inadumu siku ngapi, wala Epifania hakuwa ameambiwa juisi inapelekwa wapi. Masufuria, hata hivyo, yaliuzika.

Wiki mbili baadaye Athuman, dereva bodaboda wa Kibondo anayefanya vichekesho, alikata zile sekunde za mwisho akajiunganisha nazo. Anapokea kikombe, anakitazama, anauliza, "Mama, mbona hujaonja?" Anakunywa, halafu anaporomoka taratibu kutoka juu ya pikipiki, kofia ngumu ikiwa kichwani. Video ya kwanza ilitazamwa na watu wa mbali. Hii ilitazamwa huku. Vijana wa Murungu wakarekodi ya kwao, bibi harusi akimpa kikombe baba mkwe. Kwaya moja ikarekodi, safu nzima ya sauti ya nne ikianguka. Epifania mwenyewe alicheka alipoonyeshwa ile ya Athuman.

Aliacha kucheka siku Dorcas, binti yake, alipomsomea komenti. Mtu asiyetumia jina lake aliandika: "Huyu si wa kambini? Anaficha nini?" Watu sitini na mmoja walikuwa wameipenda. Dorcas anajuta kuisoma kwa sauti.

Ininahazwe, jirani yake na mwenzake wa kwaya, alikuwa amemwomba tangu Mei madumu sita ya juisi kwa ajili ya harusi ya binti yake. Mwezi Agosti alikuja akaketi, akazungumzia maharage, akazungumzia mguu wa mchungaji.

"Wakwe wanatoka Murungu," alisema mwishowe. "Ni watu wa simu sana."

"Waje. Nitaonja kila dumu mbele yao."

"Najua utaonja, ndugu yangu. Ila ukiinua tu kikombe mdomoni, wote watatoa simu. Harusi ya mwanangu itakuwa ile video."

Epifania aliinuka. Alichota kikombe, akasogongera, akampa. Ininahazwe alikinywa chote, akashukuru, akaaga.

Mansuri aliifuta video kwenye ukurasa wake wiki hiyohiyo, ingawa za watu wengine hana uwezo nazo. Alikuja Heru Juu kuomba msamaha na kupendekeza warekodi nyingine, safari hii akiwa anaonja kabisa, mafunda mawili hata.

"Mwanangu," Epifania alimwambia, "nikionja kwenye simu nitakuwa nimemwonjea nani?"

Hamlaumu. Anasema Mansuri aliomba tu, na kikombe kilikuwa mkononi mwake yeye Epifania.

Harusi itafungwa Jumamosi ya tarehe 13 Septemba. Ijumaa jioni kreti arobaini za soda zitapandishwa kutoka mjini kuchukua nafasi ya yale madumu sita. Epifania amealikwa, atakwenda, na atakaa upande wa wageni.