Ukuta wa Mama Bofya

Ana duka la kompyuta na fotokopi, na wanafunzi humwita Mama Bofya. Jina lake halisi liko kwenye leseni ya biashara, nayo leseni imefunikwa na kalenda. Ni mtu wa kawaida kabisa: anakunywa chai bila sukari, anaamini lolote aambiwalo na fundi, na hapendi watu wazimie juu ya mali yake.

Hili la mwisho ndilo lililozaa utaratibu. Mwaka mmoja, siku ambayo chuo kikuu cha kule kilimani kilitoa majibu ya walioomba kusoma, msichana mmoja alisoma lake akaangukia kibodi. Msichana alizinduka. Kibodi haikuzinduka. Mama Bofya akakata shauri: siku ya majibu hatazami kioo cha kompyuta mtu isipokuwa yeye. Kila mmoja ataingiza neno lake la siri kwenye kompyuta ya kaunta, ataacha ukurasa ukisubiri kubofywa tu, kisha atakwenda kusimama na wenzake mstari mmoja, uso ukutani. Aliyepata ataguswa bega. Huyo atoke akapige kelele barabarani. Aliyekosa hataguswa. Mwisho wa yote mashine ya fotokopi itawashwa bila karatasi, ingurume, wenye kulia walie kwa faragha.

Ungedhani vijana wangehamia duka lingine. Wapi! Walijaa. Chuo kile huchukua wachache mno na hukataa kwa adabu nyingi, na inaelekea binadamu anayengoja kukataliwa hupenda apangiwe pa kusimama.

Mwaka huu mstarini alikuwamo kitinda mimba wake mwenyewe. Binti alitaka udaktari wa mifugo, chuo hicho hicho, si kingine. Mwaka jana alipokosa alijifungia chumbani, pazia limeshushwa, hadi majirani wakamuulizia kama kasafiri. Sasa alikuwa ameapa: akikosa tena, haombi popote. Mama alimjua. Viapo vya mtoto yule havikuwa vya mdomoni.

"Mama, si nitazame tu kwenye simu yangu?"

"Utasimama kama watoto wa wenzangu."

"Mnaona? Hata upendeleo hana," alisema Profesa, kijana aliyepewa jina hilo kwa sababu ya miwani, na kwa sababu alikuwa ameomba mara nyingi kuliko wote. "Mama Bofya, mimi ukinigusa niguse kwa nguvu. Bega langu lina usingizi mzito."

"Geuka ukutani, Profesa, kabla sijakugusa kwa ufagio."

Wakacheka, wakageuka. Hapo likaja jambo ambalo Mama Bofya hajawahi kulizoea: migongo. Vijana waliokuwa wakibishana sasa hivi walisimama pua zikikaribia rangi, mikono imening'inia, hakohoi mtu. Feni ilizunguka. Ukuta una madoa ya mafuta pale wanapoegemeza paji la uso. Ameshaupaka rangi upya, yakarudi yote mahali pake, pamoja na lile moja lililo juu mno, ambalo hakuna kijana mrefu wa kulifikia. Fundi rangi alisema ni unyevu. Mama Bofya, tumeshasema, huamini mafundi.

Akafungua jibu la kwanza. Kakosa. La pili, kakosa. Yaliyofuata, hivyo hivyo. La Profesa, kakosa, kwa maneno yale yale ya mwaka jana. Hata koma hawakuihamisha. Likabaki la binti yake. Alilisoma polepole, kama mtu anayetumaini sentensi itabadili mawazo njiani. Tunasikitika kukujulisha.

Alikuwa hajainuka kitini hata mara moja. Akanyoosha mkono kuwasha fotokopi.

"Asante, mama," binti alisema kule ukutani.

"Asante ya nini?"

"Si umenigusa!"

"Kaguswa!" Profesa alipaza sauti, uso bado ukutani, kwa furaha ya kweli, maana roho mbaya hana. "Toka, dada, toka ukapige kelele!"

Binti hakutoka. Alikuwa akicheka. Kutoka kaunta mama aliliona bega lake la kushoto: kitambaa cha gauni kilikuwa kimebonyea, kama mto uliolaliwa. Nyuma yake hakukuwa na mtu.

Wapo ambao wangeiacha furaha ile ikae walau hadi jioni. Mama Bofya naye aliliwaza hilo. Kisha akaona kwamba furaha yenyewe hakuitoa yeye, na aliyeitoa hamjui. Akageuza kioo.

"Njoo usome mwenyewe."

Binti akaja, akasoma. Hakuzimia. Akasoma tena.

"Nimekosa."

"Umekosa, mwanangu."

"Nimeelewa." Sauti ikamshuka. "Ila mama, mbona hajautoa mkono?"

Mama Bofya akawasha fotokopi, kwa mazoea tu. Mashine ikanguruma, kule ukutani wakaelewa, wakaanza kupenga kamasi. Akazunguka kaunta, akaweka kiganja kwenye bega la mwanawe, na chini ya kiganja hakukuta kitambaa. Alikuta mgongo wa mkono mwingine, wa baridi, umetulia kama wa mtu aliye kazini.

Angeweza kuuondoa mkono wake. Lakini mtoto alikuwa ameanza kulia, na bega la mtoto huwezi kumwachia nani sijui.

"Leo pazia halishushwi," alimwambia sikioni, akaukandamiza ule mkono wa baridi kwa wake, akashikilia.