Siku Mama Daforoza Alipotupotea Kwenye Mwamba wa Michoro

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Safari alinivika filimbi shingoni kabla hata hajaniuliza jina. Alikuwa mwanamke mkali, mwenye sauti ya kuamsha basi zima. "Hii usiivue mpaka urudi Toronto," aliniambia. "Huko msituni, anayepotea huitwa kwa filimbi, si kwa makelele."

Nilikuwa nimetoka Morogoro, nikiishi Rexdale, mtaa wa Toronto, na miaka hiyo ya tisini kampuni moja ndogo ya matembezi ya msituni ilitafuta watu wasiochoka kutembea. Nilianza kama mkia, yaani yule anayetembea nyuma ya wote ili asiachwe mtu. Baadaye Mkuu huyo akanipandisha kuwa kichwa, yule anayeshika njia kwa kufuata alama za rangi kwenye miti. "Msitu hauna haraka," alikuwa akisema, "nawe usiwe nayo."

Safari iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo, kaskazini-mashariki mwa jiji, kwenye mwamba mweupe uliochongwa na Waojibwe, wenyeji wa asili, kabla Wazungu hawajafika. Kulikuwa na michoro ya kobe, korongo, mitumbwi, na watu wenye vichwa vinavyowaka kama jua. Kwao ni mahali pa ibada, kwa hiyo kamera zilibaki garini.

Msimu mmoja wa majani mekundu, kabla ya baridi kuu, niliongoza waumini wa kanisa moja la Rexdale. Miongoni mwao alikuwamo Mama Daforoza, mkimbizi kutoka Burundi, na binti yake Spesi. Tulipoondoka mwambani, mwenzangu aliyekuwa mkia akaja mbio: Mama haonekani.

Spesi akanishika mkono. "Wakati wa vita tulijificha msituni. Baba yangu alifia humo. Tangu tufike huku, Mama hajakanyaga penye miti mingi. Mimi ndiye niliyemlazimisha kuja!"

Kikundi kikakaa pamoja na mkia. Mimi na Spesi tukarudi nyuma. Napuliza, nanyamaza, nasikiliza. Kupuliza ni rahisi; kazi ni kusikiliza. Baridi ilianza kushuka. Spesi aliita mpaka sauti ikamkauka.

Ndipo tukasikia mtu akiimba Kirundi. Mama Daforoza alikuwa ameketi juu ya gogo, chini ya misonobari, pamoja na mlinzi wa michoro, bibi wa Kiojibwe, wakinywa chai ya chupa moja.

"Mama! Hukusikia filimbi?"

"Nilisikia. Nikasema, hao nao wamempoteza nani?"

Spesi akacheka huku analia. Mimi nikakaa chini juu ya majani, nikamshukuru Mungu.

"Niliogopa miti, nikabaki nyuma," Mama akasema taratibu. "Huyu dada akaniona, akanishika mkono. Hajui lugha yangu. Nikamsimulia hivyo hivyo, mpaka yote yakaisha. Leo nimemlilia baba yako, Spesi. Nilikuwa sijamlilia."

Sasa nimestaafu, niko Malvern, upande mwingine wa jiji, magoti hayataki tena vilima. Vijana huniuliza kama mwamba ule una nguvu ya kuponya. Hilo waulizwe wenyewe Waojibwe. Ninachojua ni kwamba tukirudi mjini Mama Daforoza alilala begani kwa bintiye, akikoroma kinywa wazi, na Spesi akatukataza kuzungumza mpaka tulipofika kituo cha treni cha Kipling.